Vidonge vya Zabibu na Moyo Wangu

Kama umejifungua hivi karibuni na ukilala chali pumzi inakatika, acha kusoma. Nenda hospitali sasa hivi, na mtoto mgongoni. Haya maneno utayakuta.

Wengine kaeni niwaeleze. Mimi si daktari. Niliishia kidato cha nne, na hicho kidato cha nne ndicho kilichotaka kuniua, nitafika huko. Nina mtoto mmoja, anaitwa Kezia. Sitapata mwingine. Nakaa Mpanda, Kashaulili, nyuma ya karakana ya mume wangu Ezekieli, fundi seremala. Kwetu mimi ni Usevya. Kwao yeye ni Katumba, babu zake walitoka Burundi, na siku hizi wao ni Watanzania kama mimi, ila mama mkwe bado naambiwa nimwite mabukwe, na mtoto akizaliwa mambo bado yanakwenda kama walivyozoea. Hilo lishikeni.

Kezia alizaliwa mwezi wa kwanza, mvua imeshika kabisa. Miguu yangu ilikuwa imevimba tangu mimba ya miezi minane. Kila aliyeiona alikuwa na jibu. Mtoto wa kike huvimbisha. Umesimama sana. Umekaa sana. Nikajifungua salama, watu wakasema sasa itanywea. Haikunywea. Ilipanda. Nikivua kandambili, alama ya mkanda inabaki kwenye nyama kama mfereji wa shambani. Halafu kikaja kikohozi, kikavu, kinachonisubiri nilale.

Mama yangu alikuwa ameleta gunia la mpunga kutoka Usevya, chakula changu cha uzazi. Stoo ilikuwa inavuja, kwa hiyo gunia likawekwa kichwani kwa kitanda. Nilianza kuliegemea kidogo wakati wa kunyonyesha. Wiki ya pili nikawa nalala nimeliegemea. Wiki ya tatu nikawa siwezi kulala bila hilo gunia, nimekaa wima kama mgeni anayesubiri chai. Mabukwe alikuja kumchukua mtoto akanikuta hivyo, akacheka.

"Ezekieli, mke wako ameolewa na mpunga."

Nami nikacheka. Ndiyo hasira yangu ya kwanza hiyo, kwamba nilicheka.

Nilikwenda zahanati moja, siitaji. Benchi lilikuwa limejaa wazazi na vitoto, mvua inapiga bati, hatusikilizani. Zamu yangu ilipofika tabibu akaniuliza, bila kuinua kichwa, "Unalalia mito mingapi?"

Nikamjibu, "Mmoja."

Akaandika. Akanipa dawa ya kikohozi ya maji na vidonge vya kuongeza damu. Akasema miguu ni ya uzazi, nipunguze kusimama.

Swali hilo nimelifikiria kuliko swali lolote la mtihani. Baadaye nilikuja kujua kwamba ndilo swali lenyewe la ugonjwa wangu. Mtu mwenye maji mapafuni huongeza mto, anaongeza mwingine, na daktari akisikia mito mitatu anashtuka. Lakini sisi nyumba nzima ina mito miwili, wangu na wa Ezekieli. Nilimwambia ukweli mtupu. Hilo ni swali la nyumba zenye mito. Angeniuliza unalalia nini, ningemwambia, nalalia gunia la mpunga, na ningetibiwa wiki nyingi mapema. Nimemchukia yule tabibu mpaka nimechoka. Kosa lake ni dogo, na ndiyo maana linaniuma.

Mwezi wa tatu, Jumapili, watu wanatoka kanisani, nilikuwa nafua nepi mbili. Mbili tu. Midomo ikawa ya bluu, Ezekieli ndiye aliyeiona. Alinipakia kwenye mkokoteni wake wa kubebea makochi, akanisukuma kupita sokoni, mabukwe nyuma na mtoto. Mama mmoja muuza dagaa aliuliza, "Fundi, hilo kochi mbona linakohoa?" Alipotuona vizuri akaacha dagaa wake, akaja kusaidia kusukuma. Simjui jina hadi leo.

Hospitalini waliniwekea oksijeni na mpira wa mkojo. Wakanichoma sindano ya kutoa maji nikakojoa kama bomba lililopasuka. Siku ya nne niliona vifundo vya miguu yangu. Nilikuwa nimevikosa tangu mwezi wa kumi na mbili. Nililia kwa sababu ya vifundo.

Daktari alikuwa mama wa makamo, mfupi, mwenye sauti ya mwalimu wa zamu. Aliniambia moyo wangu umetanuka kwa sababu ya mimba, ugonjwa huo hautokei kwa kila mtu lakini unatokea, na si uchawi. Akanituma Mbeya kwenye kipimo cha eko, picha ya moyo. Sitawaeleza zaidi, maana sielewi zaidi. Safari yenyewe nilikaa wima kwenye basi, kifua kimefungwa kwa kitenge maana maziwa yalikuwa yanamwagika na mtoto yuko Mpanda anakunywa ya kopo. Kipimo kikasema vilevile alivyosema yule mama.

Nikarudi na vidonge vya aina nne. Maji ya kunywa nipimiwe kwenye jagi. Chumvi basi. Pombe basi. Na mimba basi, hilo alilirudia akimtazama Ezekieli.

"Basi kwa muda gani?" Ezekieli akauliza.

"Mpaka nikuambie. Na huenda nisikuambie."

Kuanzia hapo miaka yangu sikuihesabu tena kwa kalenda. Niliihesabu kwa kliniki. Ilikuwa mara moja kwa mwezi, benchi la saruji, foleni inaanzia kwa mlinzi. Kwenye hilo benchi nilikutana na mama mmoja wa Kasansa, Msukuma, mtu mzima, wa moyo pia. Alikuja kila mara na kigoda chake mwenyewe kwa sababu alisema saruji inanyonya roho. Siku ya kwanza alinitazama nikinyanyuka mara ya tatu kwenda chooni, akasema kwa sauti benchi zima lisikie:

"Ng'wanawane, mwanangu, kidonge cha kukojoa hakinywewi siku ya kliniki. Unakibeba. Ukishaonwa na daktari unakimeza. Sisi wa moyo tunajulikana, ndio tunaokaa karibu na choo."

Watu wakacheka, nami nikacheka hadi nikakohoa. Akanipisha kigoda. Siku zote baada ya hapo tulikipokezana, nusu saa yeye, nusu saa mimi. Kama unauliza nani alinisaidia, weka hicho kigoda kwanza, halafu ndiyo uweke ndugu.

Maana nyumbani hali ilikuwa nyingine. Dawa zilinipa kizunguzungu, nikiinama kuchukua ufagio dunia inazunguka. Nilikuwa siwezi kubeba ndoo. Siwezi kumbeba Kezia kutoka kitandani hadi mlangoni bila kukaa. Mabukwe alifanya kila kitu, na alihakikisha kila mtu anajua amefanya kila kitu. Alipika bila chumvi kwa ajili yangu akisema, "Hii hata mbuzi akipewa atamtafuta mwenye kumfuga amuulize kakosa nini." Ezekieli akawa analala kwenye mkeka, anasema joto. Halikuwa joto. Alikuwa ananiogopa. Mke ambaye mimba inaweza kumuua ni kama bomu limelazwa kitandani, na mimi nilikuwa na miaka ishirini na nne.

Hapo ndipo alipoingia wifi.

Wifi yangu Yustina, dada yake Ezekieli, ni mwanamke mchangamfu, hakai kimya na hakai bila biashara. Wakati huo alikuwa ameingia kwenye uuzaji wa vidonge vya lishe, wale wanaofanya mikutano ya kupiga makofi. Alikuja mwezi wa saba, vumbi limeanza, ameshika kopo la zambarau lenye picha ya zabibu.

"Wifi, nimekuletea moyo mpya."

"Ni nini?"

"Wewe si umesoma? Soma. Kuna wazungu wanakula nyama ya mafuta, wanakula siagi, mioyo yao mizima. Kwa nini? Wine nyekundu. Sasa wataalamu wamekitoa kile kitu chenyewe kilicho ndani ya wine wakakitia kwenye kidonge. Huhitaji hata kulewa."

Jina la hicho kitu lilikuwa kwenye kopo. Resveratroli. Yeye lilimshinda kulitamka. Mimi sikushindwa, na hapo ndipo penye aibu yangu. Nilichukua simu nikaliandika. Zikaja kurasa za Kiingereza, nyingi. Familia nzima ilikuwa imekaa uani, mabukwe anachambua maharage, Ezekieli anapiga msasa mguu wa meza, wote wananitazama mimi, msomi wa nyumba. Nikaanza kuwatafsiria. Kipo kwenye ganda la zabibu nyekundu. Kinaonekana kulinda mishipa. Kinaonekana kusaidia moyo. Mabukwe akaacha maharage.

Yale mengine niliyaona. Nataka mjue niliyaona. Paliandikwa kwamba mengi yamejaribiwa kwa panya na kwenye vyombo vya maabara. Paliandikwa kwamba kwa watu majibu hayaeleweki bado, kwamba kiasi kilichomo kwenye glasi ya wine ni kidogo mno, kwamba mgonjwa amuulize daktari wake kwanza. Hayo sikuyatafsiri. Nikayapitisha kidole juu, yakapanda, yakapotea. Hakuna aliyenilazimisha. Nilikuwa nataka mkokoteni wangu wa kunitoa pale, na ule ulikuwa umepakwa rangi nzuri.

"Lakini usichanganye," wifi akasema. "Hizo za hospitali ni kemikali, zinauchosha moyo. Zabibu ni chakula. Zipumzishe zile mwezi mmoja uone."

Ezekieli aliacha kupiga msasa. "Daktari alisema asiache hata siku."

"Daktari anataka mke wako arudi kliniki mpaka azeeke. Wewe unataka nini?"

Ezekieli akarudi kwenye msasa wake. Nilijua anachotaka. Mimi pia nilikitaka.

Nikaziacha. Vidonge aina nne nikaviweka kwenye soksi ya mtoto chini ya godoro. Na sikilizeni, wiki mbili za kwanza nilijisikia mtu. Kizunguzungu kikaisha. Chooni nikawa naenda kama watu wengine. Niliosha vyombo nimesimama. Ezekieli akarudi kitandani. Nikasema kweli, hiki kitu kinafanya kazi. Hakuna aliyeniambia kwamba ni dawa za hospitali ndizo zilizokuwa zinaleta kizunguzungu huku zinaniokoa, na kwamba ukiacha kupanda ngazi unapumzika miguu lakini hufiki.

Halafu ikaja guhemba.

Hii ni desturi ya kwao mume wangu. Mwanamke akijifungua, ndugu na jirani wanakuja kumpongeza na vyakula, na zaidi ya vyakula, kinywaji. Yangu ilikuwa imeahirishwa kwa sababu nilikuwa nakufa. Sasa kwa kuwa nimesimama, mabukwe akatangaza. Walikuja mwezi wa nane kutoka Katumba, akina mama wamevaa vitenge vyao vizuri, na pombe ya ndizi kwenye madumu. Lakini wifi alikuwa amepitisha neno: mzazi wetu ni mgonjwa wa moyo, na dawa ya moyo ni wine nyekundu. Hawa watu wananipenda, nisiwasingizie. Walijichanga. Zikaja chupa sita zimefungwa kwenye magazeti.

Na desturi ya nyumba ile ni kwamba mzazi anaonja cha kila aliyekuja. Kukataa kinywaji cha mtu aliyetembea kuja kukupongeza ni sawa na kumfukuza asimwone mtoto. Bibi mmoja mkuu wa ukoo alinishikia glasi mwenyewe. "Ihangane, mwana wanje. Vumilia, mwanangu, kunywa upone."

Ezekieli akaniinamia sikioni. "Daktari si alikataza pombe?"

Nikamjibu, na maneno haya ni yangu, hayakusemwa na wifi wala na mabukwe. "Alikataza pombe. Hii ni dawa."

Nilikunywa cha kila mtu. Walipiga vigelegele.

Mwezi wa tisa nikaanza kukohoa, nikasema vumbi. Miguu ikavimba, nikavaa soksi. Mama alikuwa ameniletea gunia jipya la mavuno ya mwaka ule, nami siku moja nikajikuta nimeliegemea. Sikukumbuka hata nilivyofika hapo. Mwili wangu ulilijua gunia kabla yangu. Nilikaa nikalitazama, nikajua kila kitu, na bado nilimeza kidonge cha zabibu jioni ile, na kesho yake, na kesho kutwa. Kwa sababu kurudi kliniki kulikuwa na maana ya kusema mbele ya wote wale waliopiga vigelegele kwamba msomi wao alisoma nusu.

Mwezi wa kumi, joto lile la kabla ya mvua ambalo hata wazima linawakaba, nilianguka jikoni. Safari hii mkokoteni haukuhitaji mtu wa kuuliza. Watu walipisha wenyewe.

Hii mara ya pili nilikaa wadini mpaka mvua zikaanza, zikakolea, maembe yakaisha sokoni. Mwili wangu ulibadilika kwa namna ambazo hazikurudi nyuma. Nywele za mbele zilitoka. Tumbo lilijaa maji mpaka nikaulizwa na mgeni wa kitanda cha jirani nina mimba ya miezi mingapi. Maziwa yalikatwa, kwa maneno ya daktari mwili wangu hauwezi kulisha wawili. Kifua kilivimba kikawa mawe kwa siku tatu, kisha kikanyamaza, hakijasema tena. Kezia alikuwa na miezi tisa. Alipoletwa kuniona aligeuza uso, akamshika mabukwe shingo.

Siku niliyoweza kuongea sentensi nzima, daktari alikuja na faili.

"Nani alikuambia uache dawa?"

Nikatazama dari. "Nilisoma."

"Ulisoma nini?"

Nikamwonyesha kopo, Ezekieli alikuwa amelileta kama ushahidi, na ya wine alishayasema. Alilisoma pande zote, taratibu, nami nikangoja acheke. Hakucheka.

"Hiki kitu kipo kweli kwenye zabibu," akasema. "Kwenye wine kipo. Wanakichunguza. Labda siku moja kitakuja kuwa dawa ya kitu fulani, sijui. Lakini moyo wako hauna hiyo siku moja. Na pombe juu yake, wewe."

"Mngeniambia."

"Ulituuliza?"

Hapo ndipo nilipolipuka, kwa pumzi ile ndogo niliyokuwa nayo. Nikamwambia nitauliza saa ngapi. Nikamwambia mnatuona kama mnapanga matofali, huyu, huyu, huyu. Nikamwambia huko zahanati niliulizwa mito mingapi nikasema mmoja kwa sababu nina mto mmoja, na mimi tangu mwezi wa pili nalalia gunia la mpunga, na hakuna hata mmoja wenu aliyeniuliza nalalia nini. Muuguzi alikuja kutazama nani anagombana. Nikakohoa mpaka machozi.

Daktari alivuta kiti akakaa. Yule mama hakuwahi kukaa. Akafungua faili akaandika, nikaona neno lenyewe kwa mwandiko wake, gunia.

"Haya," akasema. "Niulize sasa."

Nilimuuliza saa nzima. Wagonjwa wengine walisubiri na nafikiri walinichukia, nawaelewa. Kama una daktari, muulize mpaka akuchukie. Kopo halijibu maswali, linasema zuri tu.

Wifi alikuja kuniona wiki hiyohiyo. Alisimama mlangoni kwa wadi amebeba mfuko, ndani kuna makopo mawili ya zambarau.

"Wifi, pole. Tatizo uliishia katikati. Ulitakiwa umalize miezi mitatu."

Nilikuwa na mpira puani, sikuwa na nguvu ya kurusha hata kijiko. Ezekieli aliyachukua yale makopo, akatoka nayo, nikasikia kifuniko cha pipa la taka. Akarudi.

"Yustina, nenda nyumbani."

"Kaka, mimi nilitaka kumsaidia."

"Najua. Nenda."

Mume wangu hapigi kelele, hata siku hiyo hakupiga. Lakini mabukwe alikaa mwezi mzima bila kumsalimia mwanawe kwa kumfukuza dada yake mbele ya wagonjwa. Alikuja kila siku na uji usio na chumvi, anauweka, anamtazama Ezekieli kama ukuta, anaondoka. Hiyo ndiyo familia. Uji unafika, salamu haifiki.

Niliporudi kliniki, mvua za mwisho mwisho, kigoda hakikuwepo. Nilisubiri mwezi huo na uliofuata. Nilimuuliza mlinzi, nikauliza wa dirishani, na kumbe sikuwa najua jina lake, nilikuwa najua Mama wa Kasansa tu, na Kasansa kuna akina mama wengi. Nilikaa kwenye saruji. Kweli inanyonya roho.

Kezia alitembea mwaka uliofuata, kiangazi. Alimwendea mabukwe, akamwita mama. Mimi ananiita Dada Evelina, alisikia wapi sijui, labda kwa mafundi wa karakana. Nimemsahihisha. Anasema mama, halafu akijisahau anarudi kwenye Dada. Mwambieni mtu mwingine kwamba watoto hawakumbuki.

Nilirudi Mbeya kwenye eko ya pili. Moyo umejikunja kidogo, haujarudi wote. Dawa ni za kuendelea. Daktari alitimiza ahadi yake, hakuniambia. Siku tuliyompa mabukwe habari kwamba hakuna mtoto mwingine, alisema mtoto mmoja ni jicho moja.

Ezekieli akasema, "Basi ninalo moja, na linaona."

Nimemsamehe mkeka kwa sababu ya hayo maneno.

Mwaka huu mwezi wa tano wifi Yustina amejifungua, mvulana. Mabukwe akatangaza guhemba. Nilikuwa nimeapa sitakanyaga. Nikakaa siku mbili nafua vitu vilivyo safi. Siku ya tatu nikavaa, nikaenda Katumba.

Walikuwa wale wale, vitenge vile vile, madumu yale yale. Bibi mkuu wa ukoo aliniona akanyanyua glasi. Nikasema mbele ya wote, "Bibi, mimi maji. Na hayo maji pia yanapimwa." Waliopiga vigelegele siku ile wakaanza kurekebisha vitenge vyao. Bibi akatazama glasi yake, akainywa mwenyewe.

Niliingia ndani alipolala wifi. Alikuwa kitandani, mtoto pembeni. Aliponiona akajivuta ukutani.

"Wifi. Sikujua kama utakuja."

"Unalalia nini?"

"Nini?"

"Ukilala. Unalalia nini? Sikuulizi mito. Chini ya kichwa chako kuna nini, na ukikiondoa pumzi inakuwaje?"

Akanionyesha khanga iliyokunjwa, nyembamba kama chapati. "Hii tu. Nalala chali kama gogo, mama ananiamsha kwa kunitikisa." Halafu macho yakamjaa machozi. "Wifi, zile dawa niliacha kuuza. Umenisamehe?"

"Hapana," nikasema. "Nyoosha mguu."

Akanyoosha. Nikaushika, nikakandamiza kidole gumba kwenye mfupa wa mbele wa muundi kama daktari alivyonifundisha, kwamba shimo likibaki ni maji, nikashikilia, huku nahesabu moja, mbili, tatu, nne, tano. Nikaachia. Sote wawili tukainama kutazama.

Nyama ilirudi palepale.